Kurwa na Doto

Kompyuta ya zamani ilikufa Jumanne, saa saba mchana,
kiyoyozi cha ofisi kimezimika
na Ruwi yote inatokota kama sufuria iliyosahauliwa.
Ikatoa harufu ya waya, mlio mmoja, basi.
Miaka kumi na tatu ya ankara za matairi.

Muhanna akaja na mpya, bado ina nailoni usoni.
Akanywa chai ya karaki, akanionya kabla ya kwenda kuswali:
"Ukifungua profaili, fungua tupu.
Usiimwagie faili la zamani.
Barua zako ziko kwenye seva, zitashuka zenyewe.
Wewe tia jina, tia nenosiri, ukae.
Ukitia na faili, dada Thuwaiba, utazaa pacha."

Nikasema naam.
Lakini sisi kwetu ni watu wa kushika.
Mama alitoka Bujumbura na funguo za nyumba kifuani,
nyumba yenyewe ilishauzwa,
na alipofariki hapa Wadi Kabir tulizikuta zimefungwa kitambaani,
zimepakwa mafuta zisishike kutu.
Nani ataniambia mimi
kwamba changu kiko salama mahali nisipopaona?
Nikachomeka diski. Nikabofya *leta*.
Kisha seva nayo ikaleta.

Lahaula!
Elfu ishirini na mbili, mia nne na nane.
Kurwa na Doto, Kurwa na Doto, mpaka chini ya kioo.
Bili ya umeme, na bili ya umeme.
Mteja wa Sohar analalamika tairi limepasuka,
halafu analalamika tena, neno kwa neno,
kana kwamba sikumjibu.
Rambirambi za baba, na chini yake rambirambi;
nikajikuta nahesabu: msiba mmoja, pole mbili mbili,
wengine hata hiyo moja hawakuleta.
Tangazo la mazulia ya bei nafuu, punguzo lililokwisha zamani,
nalo limerudi na mwenzake.

Na Nabhan, kaka yangu.
Tarehe tatu Juni, mwaka wa kumi na moja,
saa nne na dakika kumi na moja usiku:
"Thuwai, Idi hii nakuja. Nitunzie halwa."
Chini yake:
"Thuwai, Idi hii nakuja. Nitunzie halwa."

Ameahidi mara mbili
mtu ambaye hakuja hata mara moja.

Muhanna aliporudi hakunicheka.
Akavua kofia, akajikuna kisogo.
"Kufuta moja moja tutazeeka hapa.
Tunaifuta profaili nzima, tunaanza upya, tupu.
Faili lako tutaliweka kando,
likae kama dhahabu ya arusi: lipo, halivaliwi."

Nikaweka kidole kwenye jina la Nabhan.
"Kwanza niambie. Kati ya hizi mbili, Kurwa ni ipi?"

Akafungua vichwa vya barua, akasoma saa, akasoma sekunde,
akasoma namba ambazo mimi sizijui.
"Hakuna Kurwa hapa. Zote nakala.
Aliyoiandika mwenyewe ilibaki huko huko."

Huko: duka la mtandao karibu na soko,
kiti cha plastiki, kibodi iliyofutika herufi.
Sijui nani anakikalia sasa.

Tukafuta.
Jina. Nenosiri. Faili sikuligusa;
niliikalia mikono yangu, kweli, niliikalia,
na mistari ikaanza kushuka, kila mmoja na upweke wake:
umeme mmoja, mazulia mamoja,
mteja wa Sohar na tairi lake moja lililopasuka.
Zote zimeandikwa kwa wino mzito,
hivi kompyuta mpya inavyojua,
barua ambayo haijapata kusomwa.

"Niziwekee alama kwamba umeshazisoma?" Muhanna aliuliza,
kishale tayari kiko juu.
"Zote?"

"Zote," nikasema.
Kisha nikamshika mkono.
"Ngoja."